Mwelemeo wa rangi na mpindo: istilahi na kazi ya kusawazisha picha za kidijitali

Kanzu nyeupe ikipigwa picha kivulini, chini ya anga lisilo na wingu, hutokea kwenye skrini ikiwa na buluu hafifu. Kanzu hiyohiyo ikipigwa picha usiku chini ya balbu ya nyuzi hutokea na njano ya samli. Aliyeivaa hakuona buluu wala njano, na waliokuwa wameketi naye hawakuona pia. Jicho na ubongo wa mwanadamu huizoea nuru iliyopo kwa muda mfupi, hata kitu kinachojulikana kuwa cheupe kikaendelea kuonekana cheupe. Kamera haina mazoea ya namna hiyo. Hupima nuru iliyoingia, kisha programu iliyomo ndani yake hukisia ni nuru ya aina gani na kurekebisha vipimo kwa kufuata kisio hilo. Kisio likikosea, picha nzima huvuta upande mmoja wa rangi.

Anayefundisha au kufasiri maelezo ya kasoro hii hukutana na tatizo la neno kabla ya tatizo la kazi yenyewe, na matatizo hayo mawili yameshikana, kwa kuwa neno lisilofaa huuongoza mkono vibaya. Doa halifai: doa huwa mahali pamoja, na kasoro hii imeenea pote. Kivuli huleta dhana ya giza, ilhali picha yenye kasoro inaweza kuwa angavu kabisa. Utando unavutia zaidi. Msemaji akisema kwamba picha ina utando wa buluu, hueleweka mara moja. Hata hivyo, utando ni kitu kilichotandazwa juu ya kingine, chenye unene unaokaribiana pote, na kinachoweza kubanduliwa kikaacha kilichokuwa chini yake. Kasoro inayozungumziwa hapa haikuwekwa juu ya picha. Ni kupotea kwa uwiano kati ya vipimo vitatu vinavyounda rangi, na uwiano huo huweza kupotea kwa kiasi kimoja penye mwanga na kwa kiasi kingine penye kiza.

Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia mwelemeo wa rangi, kutokana na kitenzi elemea. Picha huelemea upande kama chombo kilichopakiwa vibaya, na dawa yake ni kuipanga shehena upya.

Sarufi nayo inauunga mkono uteuzi huo. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivyo ndivyo pia vinavyozaa nomino dhahania weupe, weusi na wekundu bila taabu. Rangi nyingine zimeazima majina kutoka kwenye vitu au kutoka lugha za ng'ambo: manjano ni kiungo cha jikoni, kijivu kimetoka kwenye jivu, kijani kwenye majani, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, samawati kwenye neno la Kiarabu la mbingu. Ndiyo maana mtu husema kwa urahisi kwamba picha ina wekundu, lakini ubuluu na ukijani hayajakaa vizuri masikioni, ingawa huandikwa mara kwa mara. Mwelemeo huondoa taabu hiyo, mradi upatanisho uzingatiwe: mwelemeo mwekundu, lakini mwelemeo wa buluu, mwelemeo wa kijani. Vivyo hivyo chaneli nyekundu, lakini chaneli ya kijani na chaneli ya buluu. Mfasiri anayeandika mwelemeo nyekundu amelichukulia neno nyekundu kuwa jina lisilobadilika, na kosa hilo hujirudia katika kila ukurasa wa maelezo.

Kuna mtego mwingine katika maneno ya joto na baridi. Rangi ya nuru hupimwa kwa kelvini, kipimo cha halijoto. Mwali wa mshumaa au wa koroboi hukaribia kelvini 1,900, balbu ya nyuzi huwa kati ya 2,700 na 3,000, jua la adhuhuri hukaribia 5,500, na kivuli kinachomulikwa na anga safi pekee huzidi 7,000. Kadiri namba inavyopanda ndivyo nuru inavyoelekea buluu. Wapigapicha, wakiongozwa na hisia ya moto na maji, huiita nuru ya mshumaa kuwa ya joto na ile ya kivulini kuwa ya baridi, kinyume cha kipimo chenyewe. Matumizi yote mawili yamekita mizizi na hakuna haja ya kupigana nayo. Kinachotakiwa ni mfasiri kutambua, kila anapokutana na sentensi inayosema joto limeongezwa, kama mwandishi anazungumzia namba au anazungumzia hisia.

Vipimo vitatu

Mwaka 1861 mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha, mbele ya Royal Institution mjini London, picha ya utepe wa kitambaa cha miraba cha Kiskoti. Utepe huo ulikuwa umepigwa picha kupitia kichujio chekundu, kisha cha kijani, kisha cha buluu, kila mara katika picha yake. Picha hizo zilipomulikwa pamoja, kila moja kupitia kichujio chake, rangi za utepe zilionekana. Kamera ya kidijitali na skrini ya simu vimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba tatu: moja ya chaneli nyekundu, moja ya chaneli ya kijani, moja ya chaneli ya buluu. Katika faili za kawaida kila namba huanzia 0, ambayo ni giza, hadi 255, ambayo ni mwanga kamili. Namba tatu zikilingana, kwa mfano 120, 120 na 120, kinachoonekana ni kijivu tupu, yaani kijivu kisicho na chembe ya rangi nyingine. Zikilingana karibu na 255 ni nyeupe, na zikilingana karibu na 0 ni nyeusi. Kazi yote ya kuondoa mwelemeo imejengwa juu ya sentensi hiyo moja: kitu kinachojulikana kuwa ni cheupe, cheusi au cha kijivu tupu lazima kiwe na namba tatu zinazolingana, na ikiwa hazilingani, tofauti yake ndiyo mwelemeo, umeshapimwa.

Rangi tatu za chaneli zina wapinzani wake. Nyekundu hukabiliana na siani, ile rangi iliyo kati ya buluu na kijani. Kijani hukabiliana na majenta, na buluu hukabiliana na manjano. Hakuna chaneli ya manjano katika mpango huu, na picha iliyoelemea manjano ni picha iliyopungukiwa na buluu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa kuwa maelezo humwambia mtu apunguze manjano, naye huitafuta chaneli ya manjano asiione. Mfasiri makini huongeza maneno matatu: kwa kuongeza buluu. Inafaa pia kutolitumia neno samawati kwa siani, kwani wasemaji wengi hulitumia samawati kwa buluu ya anga, na ukurasa mmoja ukitaja buluu, samawati na siani bila mpaka, msomaji hupotea.

Wafuaji wa nguo wameijua hesabu hii tangu zamani bila namba yoyote. Nguo nyeupe iliyoanza kuwa njano husuuzwa katika maji yaliyotiwa buluu kidogo, na weupe huonekana umerudi. Buluu ile haikuitoa njano. Ilipunguza nuru ya nyekundu na kijani inayorudi kutoka kwenye kitambaa, hadi vipimo vitatu vikakaribiana, na kwa hakika nguo sasa hurudisha nuru ndogo zaidi kuliko mwanzo. Jicho halijali, kwa sababu linatafuta ulinganifu kwanza.

Mpindo na namna unavyosomwa

Chombo kinachowezesha kazi hii katika Photoshop, katika GIMP na katika programu nyingi za picha ni grafu ndogo ya mraba. Upande wa chini unapima thamani ya awali ya pikseli, kutoka giza kushoto hadi mwanga kulia. Upande wa wima unapima thamani mpya, kutoka giza chini hadi mwanga juu. Mwanzoni mstari umenyooka mshazari kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia: 0 inabaki 0, 120 inabaki 120, 255 inabaki 255, na hakuna kinachobadilika. Mtumiaji hushika nukta moja ya mstari na kuipandisha au kuishusha, na mstari hupinda kupitia nukta hiyo.

Jina la mstari huo limeshughulisha wafasiri. Mkunjo hutumika sana kwa mstari wowote usionyooka, na si kosa. Lakini kilichokunjwa hurudi juu yake chenyewe, kama ukurasa au kama nguo sandukuni, na mstari huu hauruhusiwi kufanya hivyo kamwe: kila thamani ya awali ina thamani mpya moja tu, na programu haitaruhusu nukta ivutwe hadi mstari urudi nyuma. Kizingo ni cha njia au cha mto. Tao lina umbo lake la mlangoni, na mstari huu huweza kuchukua umbo lolote. Mpindo, kutokana na pinda, hausemi zaidi ya kinachotokea: mstari uliokuwa umenyooka umepindwa kwa kiasi fulani, mahali fulani.

Mpindo una sifa mbili za kuangaliwa. Kwanza ni urefu wake kwenda juu: nukta iliyopandishwa juu ya mshazari huongeza chaneli hiyo, na iliyoshushwa hupunguza. Pili, na hili husahauliwa, ni ukali wa mwinuko. Mahali mpindo unapopanda kwa ukali kuliko mshazari, tofauti ndogo za mwanga huwa kubwa. Mahali unapolala, tofauti hufifia, na kilichokuwa na maumbo mengi huwa bapa. Kila nukta inayosogezwa hubadilisha ukali kandokando yake, kwa hiyo hakuna marekebisho yasiyo na gharama.

Programu hutoa mpindo mmoja wa pamoja unaogusa chaneli zote tatu, na mpindo mmoja kwa kila chaneli. Mpindo wa pamoja ni wa mwanga na kiza. Mwelemeo hutibiwa kwa mipindo ya chaneli.

Mfano wa namba

Tuseme picha ya mzee aliyeketi barazani, kivulini, akiwa amevaa kanzu nyeupe. Mguu wake umekanyaga kidaraja cha saruji, na nyuma yake mlango uko wazi kidogo ukionyesha giza la ndani. Sehemu tatu zinapimwa. Kanzu penye mwanga zaidi ina nyekundu 214, kijani 226, buluu 241. Saruji ina 108, 120, 143. Giza la mlangoni lina 14, 15, 24. Zote tatu zilipaswa kuwa na namba zinazolingana, au kukaribia kulingana, na zote tatu zinasema jambo moja: buluu imezidi, nyekundu imepungua, kijani kiko katikati.

Chaneli ya kijani huachwa ilivyo, nayo huwa kipimo cha nyingine mbili. Katika mpindo wa chaneli nyekundu huwekwa nukta tatu: 14 kwenda 15, 108 kwenda 120, 214 kwenda 226. Katika mpindo wa chaneli ya buluu huwekwa 24 kwenda 15, 143 kwenda 120, 241 kwenda 226. Ncha ya kulia ya mpindo wa buluu nayo hushushwa hadi karibu 240. La sivyo, mpindo utatoka 226 na kupanda ghafla hadi 255 katika hatua chache za mwisho, na mikunjo angavu ya kanzu itapata madoa ya buluu ambayo hayakuwapo. Baada ya hapo kanzu ni 226 mara tatu, saruji ni 120 mara tatu, giza ni 15 mara tatu. Uso wa mzee haukuguswa na nukta yoyote kati ya hizo, lakini umebadilika pamoja nao, kwa sababu mpindo unapita katika thamani zote.

Sasa na ilinganishwe na tiba ya yule aliyeamini kwamba anabandua utando. Ameona kanzu imezidi buluu kwa 15, basi anatoa 15 katika chaneli ya buluu pote. Kanzu inapata 226 ya buluu, sawa na kijani chake. Saruji inapata 128, wakati kijani chake ni 120, kwa hiyo bado imeelemea buluu. Giza la mlangoni linapata 9, wakati kijani chake ni 15, kwa hiyo sasa limeelemea manjano. Picha ilikuwa na mwelemeo mmoja, nayo imepata miwili inayopingana, na hakuna kiasi kimoja cha kutoa kitakachoiponya, kwa kuwa penye mwanga panahitaji 15, penye wastani panahitaji 23, na penye kiza panahitaji 9.

Tofauti hiyo hutokana na mambo kadhaa. Nuru haijumlishwi kwenye rangi ya kitu bali huzidishwa nayo, kwa hiyo kitu cheupe na kitu cheusi haviwezi kubadilika kwa kiasi kimoja. Kisha kamera, kabla ya kuhifadhi faili, huwa imeshazipinda thamani zenyewe ili picha ipendeze machoni. Na mara nyingi nuru inayofika penye kiza siyo ileile inayofika penye mwanga.

Kumtafuta shahidi

Ugumu hauko katika kusogeza nukta. Uko katika kujua ni kitu gani ndani ya picha kinachostahili kuaminiwa. Kanzu nyingi si nyeupe. Ni za rangi ya maziwa, na anayezilazimisha kulingana namba huiingiza picha katika buluu. Hata kanzu nyeupe kweli ina hila yake, kwa kuwa sabuni nyingi za unga zina kemikali inayopokea nuru isiyoonekana na kuitoa ikiwa ya buluu, na kitambaa hung'aa kuliko kilivyo. Meno na weupe wa macho si vyeupe. Ukuta wa chokaa ulio karibu na majani hupokea ukijani kutoka kwenye majani hayo. Saruji kavu, lami iliyochakaa, chuma kisichopakwa rangi na kivuli kizito ni mashahidi wa afadhali, na mashahidi wawili wanaokubaliana ni bora kuliko mmoja anayeonekana kuwa na hakika. Kipimo kisichukuliwe kwenye pikseli moja. Programu huruhusu wastani wa eneo dogo, pikseli tano kwa tano kwa mfano, na wastani huo huondoa chengachenga za kamera.

Anayeweza kujiandaa mapema hupiga picha moja ya kadi ya kijivu mahali palepale. Kadi ya kawaida hurudisha takribani asilimia 18 ya nuru, kwa usawa katika rangi zote, na ndiyo pekee kati ya vitu vyote hivi iliyotengenezwa ili iaminiwe. Programu nyingi zina pia vyombo vya kuchukulia sampuli, kimoja cha nyeusi, kimoja cha kijivu na kimoja cha nyeupe, vinavyoweka nukta za mipindo vyenyewe mtumiaji anapobonyeza. Ni vya haraka, na hutii hata pale vinapoelekezwa kwenye kitu kisichofaa.

Dan Margulis, mwandishi wa kitabu Professional Photoshop, ametetea kwa miaka mingi mtindo wa kuzisoma namba kabla ya kuliamini jicho. Hoja yake ni ya kivitendo: jicho la anayefanya kazi huuzoea mwelemeo wa skrini kama lilivyozoea nuru ya balbu, na baada ya dakika kumi picha mbaya huonekana nzuri.

Mfano wa hatari ya kuliamini zoea unatoka mbali kuliko baraza lolote. Chombo Viking 1 kilitua kwenye sayari ya Mars tarehe 20 Julai 1976, na siku iliyofuata kikapiga picha ya kwanza ya rangi kutoka ardhini. Picha iliyotolewa awali ilionyesha anga la buluu, kama la duniani. Chombo kilikuwa kimebeba vibao vya marejeo vyenye rangi zilizopimwa kabla ya safari, na vipimo vilipowekwa sawa, anga lilionekana kuwa na rangi inayoelekea waridi, kwa sababu ya vumbi lililomo hewani. Kwa macho ya waliozoea anga la nyumbani, picha ya pili ndiyo iliyoonekana kuwa na mwelemeo.

Ngozi

Katika picha nyingi hakuna kadi wala saruji. Kuna uso. Kwa muda mrefu maabara za picha zilitumia uso kama shahidi, na uso huo ulikuwa wa aina moja. Kodak ilizisambazia maabara kadi za marejeo zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikijulikana kwa jina la Shirley, na mafundi walisawazisha mashine zao hadi ngozi yake ionekane vizuri. Ngozi nyeusi zilifuata zilivyoweza, na mara nyingi zilipoteza maumbo yake katika kiza. Katika miaka ya 1990 Kodak ilitoa kadi yenye wanawake watatu wa rangi tofauti.

Namba za ngozi zina mpangilio unaoshikilia kwa watu wote, wawe weupe, maji ya kunde au weusi: katika nuru iliyosawazishwa, nyekundu ni kubwa kuliko kijani, na kijani ni kikubwa kuliko buluu. Kinachotofautiana ni ukubwa wa namba na nafasi iliyo kati yake. Ngozi nyeusi katika mwanga wa wastani inaweza kuwa na 112, 80 na 63. Ongeza mwelemeo wa buluu wa hatua 20 na buluu inakuwa 83, imekipita kijani. Mpangilio umevunjika, na ngozi inaonekana imepauka kama ya mtu asiyepaka mafuta. Mwelemeo wa kiasi hichohicho kwenye kanzu ungeonekana kuwa ubaridi tu. Kwa hiyo anayerekebisha picha ya watu weusi kwa kuangalia nguo nyeupe pekee huweza kuacha nyuma kosa ambalo nguo hailionyeshi na uso unalionyesha.

Jambo jingine ni mng'ao. Ngozi nyeusi, hasa yenye mafuta au jasho, hurudisha kwenye paji la uso na mashavuni nuru ya chanzo chenyewe ikiwa na rangi yake. Mtu aliyeketi kivulini akitazama anga atakuwa na mng'ao wa buluu shavuni hata ngozi yake ikiwa imesawazishwa barabara. Mng'ao huo si ngozi, na usipimwe kana kwamba ni ngozi. Unafaa kwa kazi tofauti: unaeleza ni nuru gani iliyokuwapo, na pale kadi ilipokosekana huo ni ushahidi wa kuthaminiwa. Kuushusha buluu kwenye mng'ao kidogo tu, kwa nukta moja katika sehemu ya juu ya mpindo, huleta uso ulio hai. Kuusafisha kabisa huleta uso uliopakwa unga.

Mipaka

Mpindo hauwezi kurudisha kilichopotea. Chaneli iliyofika 255 katika eneo zima haina tena tofauti ndani yake, na kuishusha hutoa bapa moja la rangi. Mpindo ulioinuliwa kwa ukali mno huzitawanya hatua 256 hadi anga laini linatokea lenye ngazi. Kwa sababu hiyo faili ghafi, ile ambayo kamera haijaipinda wala kuibana, husawazishwa kwanza weupe wake mahali pa kuifungulia, na mipindo huachiwa kazi ya mabaki.

Picha zenye nuru mbili ni tatizo la aina nyingine. Chumba chenye dirisha upande mmoja na balbu upande wa pili kina mielemeo miwili katika fremu moja: shavu la kushoto limeelemea buluu, la kulia limeelemea manjano, na kila mpindo unaoponya moja huliumiza jingine. Hapo hutengwa sehemu, kila moja ikapewa mipindo yake, na mpaka kati yake ukalainishwa.

Tena kuna mielemeo isiyotakiwa kuondolewa. Mtoto anayesoma kwa koroboi amezungukwa na nuru ya njano iliyokoza, na waliokuwapo, hata baada ya macho kuzoea, waliiona njano hiyo, kwa kuwa mazoea ya jicho yana kikomo na mwali mdogo umekivuka. Namba zikilinganishwa kabisa, daftari huwa jeupe kama la mchana na moto huwa mweupe. Wengi huishia katikati ya safari: mpindo wa buluu hupandishwa hadi nusu ya tofauti iliyopimwa, kisha ngozi huangaliwa kama nyekundu, kijani na buluu zimepangana inavyopasa, na kinachobaki cha njano huachwa.